Sikio la Kocha

Saa kumi na moja alfajiri, kabla wauza mandasi hawajawasha moto, barabara ya Area 49 inayoelekea Uwanja wa Taifa wa Bingu huwa na sauti mbili. Ya kwanza ni mnyororo mkavu wa baiskeli ya muuza mkaa anayeingia mjini Lilongwe na magunia yake nyuma, yamekazwa kwa kamba za mpira. Ya pili ni viatu vya wakimbiaji. Huwa wanane au tisa, vijana wa mchanganyiko: Wamalawi wa mtaani, Wakongomani wawili, Warundi ambao wazazi wao bado wako katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hupita mbele ya geti letu wamekaza mwendo, na hatua kumi hivi nyuma yao huja mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

Mwanzoni nilimhurumia. Nilidhani ni mzee aliyezidiwa na damu changa. Baadaye nikaanza kukimbia mwenyewe, asubuhi chache kwa wiki, nikapata kuwaona kwa karibu. Pumzi ya yule bwana ilikuwa imetulia kuliko ya wote waliokuwa mbele yake. Alikuwa amejiweka pale kwa makusudi, kwa kuwa ukikaa nyuma unaviona visigino, unaliona bega linalopanda kuliko mwenzake, unausikia mguu unaokanyaga kwa kishindo. Anayeongoza kundi huona barabara tu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafuatilia watu wa aina yake: waliokimbia au kuendesha baiskeli miaka mingi, wakashinda na kushindwa, kisha wakageuka kuwafundisha wengine. Ninaiheshimu kazi yao sana, na nimetamani kwa muda mrefu kuieleza vizuri.

Tatizo la kuieleza ni kwamba kwa nje haina cha kutazama. Seremala utamwona akipiga randa, maranda yakiruka. Mfinyanzi utauona udongo ukiinuka kati ya vidole vyake. Kocha wa mbio ndefu amesimama kando ya njia, saa mkononi, na sehemu kubwa ya ufundi wake ni kukataza. Usiongeze kasi. Usiongeze kilomita. Leo pumzika. Ukipita hapo na gari hutadhani kuna kazi inayofanyika.

Mimi niliwahi kujifundisha mwenyewe, nikalipa. Kufika wiki ya tano pumzi ilikuwa haikatiki tena kwenye mwinuko, nikajiona nimeiva. Nikaongeza umbali na kasi kwa wakati mmoja. Wiki ya saba kisigino kiliwaka moto hata kushuka kitandani ilikuwa shughuli, na nilichechemea miezi miwili. Nilichokosa kukijua ni kitu ambacho kocha mzoefu anakijua kama njia ya nyumbani kwake: viungo vya mwili havijifunzi kwa mwendo mmoja. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Damu huongezeka, moyo husukuma zaidi kwa kila pigo. Misuli hufuata. Kano, zile kamba ngumu zinazoushika msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na hujijenga kwa miezi. Kwa hiyo kila mkimbiaji hupitia kipindi ambacho ana pumzi za leo na visigino vya mwaka jana. Hapo ndipo watu huumia, na huumia wakiwa na furaha, siku ile ile waliyojisikia wepesi kuliko siku zote.

Kocha aliyewahi kuumia namna hiyo huuogopa wepesi wa mwanafunzi wake. Akimwona kijana anaruka kama swala Jumatatu, Jumanne humpunguzia. Kijana hukasirika, na kocha huipokea hasira hiyo bila kuijibu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi.

Mtu aliyeifikisha kazi hii mbali kuliko wengi ni Patrick Sang wa Nandi, Kenya. Kabla ya kuwa kocha alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji, na kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa wa pili: fedha katika mashindano ya dunia ya Tokyo 1991, fedha katika Olimpiki ya Barcelona 1992, fedha tena Stuttgart 1993. Mara zote aliyemtangulia alikuwa Mkenya mwenzake, Moses Kiptanui mara mbili na Matthew Birir kule Barcelona. Kati yake na dhahabu ya Olimpiki palikuwa na chini ya sekunde moja. Sidai kwamba fedha hizo tatu ndizo zilizomfanya kocha alivyo. Ila mtu aliyefika mara tatu mlangoni na kukuta mwenzake ameshaingia anajua mambo fulani kuhusu kungoja.

Alisoma Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akarudi nyumbani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akiwasaidia vijana wa kwao kufanya mazoezi. Kijana mmoja alimfuata kuomba programu. Sang akampa ya siku chache. Kijana akaenda, akaitekeleza yote, akarudi kuomba nyingine. Wakaendelea hivyo muda mzuri kabla kocha hajauliza huyu ni mtoto wa nani, akagundua kuwa ni mtoto wa mwalimu aliyemfundisha yeye mwenyewe shule ya chekechea. Jina lake Eliud Kipchoge.

Kisa hiki husimuliwa sana kumsifu Kipchoge, na anastahili. Mimi hukiangalia kutoka upande wa mtoaji. Sang alikuwa na medali ya Olimpiki na elimu ya ng'ambo. Angeweza kumpa kijana programu ya mwaka mzima, au kumhubiria. Alimpa kipimo kidogo, akanyamaza, akangoja aone kama mguu utarudi. Programu ya siku chache haiwezi kumfanya mtu bingwa. Inaweza kuonyesha kama ataitii siku ambayo hakuna anayemtazama, na jibu hilo kocha hulihitaji kabla ya kujua hata muda wa mtu katika mita 5000.

Mwaka 2003 Kipchoge, akiwa na miaka 18, alishinda mita 5000 za dunia mjini Paris mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Kisha ikaja miaka ya shaba na fedha, na mwaka 2012 akakosa kabisa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki. Angeachwa hapo, watu wangemkumbuka kama kijana aliyeng'ara mapema. Badala yake alihamia barabarani, chini ya kocha yule yule. Marathoni yake ya kwanza, Hamburg 2013, aliishinda kwa saa 2:05:30. Zilizofuata dunia nzima inazijua: dhahabu ya Rio 2016 na ya Michezo ya Tokyo iliyokimbiwa 2021, rekodi mbili za Berlin, 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022, na ile asubuhi ya Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alipokimbia 1:59:40 katika mbio zilizoandaliwa maalumu, zisizohesabiwa kuwa rekodi. Tangu programu ile ya kwanza hadi Vienna ilikuwa imepita takriban miaka 18. Kuna ndoa zisizofika hapo.

Kambi yao iko Kaptagat, karibu mita 2400 juu ya usawa wa bahari. Ratiba yake haina siri, imeandikwa na kuandikwa tena. Jumanne ni uwanjani. Alhamisi ni mbio ndefu, kilomita 30 wiki moja na 40 wiki nyingine. Jumamosi ni fatileki, kubadilisha kasi kwenye barabara ya vumbi, dakika kadhaa za moto na dakika moja ya kupoa. Siku zilizobaki hukimbia polepole, na huanza taratibu kiasi kwamba mgeni wa kawaida angeweza kuandamana nao kilomita ya kwanza huku akipiga soga. Kipchoge ameeleza mwenyewe kuwa siku ngumu hutoa kama asilimia 80 ya uwezo wake, na siku nyepesi asilimia 50. Mia huiweka kwa ajili ya mashindano.

Ratiba kila mtu anaweza kuinakili. Hiyo asilimia 20 inayobaki mfukoni ndiyo isiyonakilika. Hebu fikiria kundi la wanaume wenye kasi kuliko karibu kila mtu duniani, wamewekwa barabara moja, asubuhi yenye baridi nzuri, kila mmoja akitaka kumwonyesha mwenzake. Kisha mtu mmoja ahakikishe hakuna anayeshindana. Afanye hivyo Jumanne hii, na ijayo, kwa miaka ishirini. Wakirudi kambini wanapeana zamu za usafi, na mwenye dhahabu ya Olimpiki husugua vyoo zamu yake ikifika. Watu wa nje huona zamu hizo kama mafunzo ya unyenyekevu. Naona pia ufundi wa kocha ndani yake, kwa sababu anayeweza kusugua choo akiwa bingwa anaweza pia kukimbia polepole akiwa bingwa. Ni msuli mmoja.

Lazima nitaje hapa jambo linaloipinga hoja yangu, maana ni la kweli. Iten, katika vilima hivyo hivyo vya Bonde la Ufa, alifika mwaka 1976 mtawa Mkatoliki kutoka Ayalandi, Brother Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa mwanariadha. Akawatoa mabingwa mmoja baada ya mwingine, akiwemo David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Kwa hiyo kukimbia zamani si sharti la kufundisha, na anayedai kuwa ni sharti hajafika Iten. Pengo ambalo mwingine hulijaza kwa kumbukumbu ya miguu yake, O'Connell alilijaza kwa miaka mingi ya kutazama.

Bado ninaamini kuna kitu kimoja ambacho aliyekimbia hukipata kwa bei nafuu zaidi. Ni kuutambua uongo. Wakimbiaji huwaongopea makocha wao. Muundi unauma tangu Ijumaa, lakini kocha akiuliza, jibu ni "niko sawa", kwa hofu ya kupoteza nafasi kwenye timu au tiketi ya mashindano ambayo ukoo mzima unaingojea. Kocha ambaye naye aliwahi kusema "niko sawa" kwa uso ule ule, na akaponzwa nayo msimu mzima, huusikia uongo kabla neno halijaisha. Hasikilizi maneno. Husikiliza kishindo, kwa sababu mguu unaouma hugusa ardhi kwa muda mfupi kuliko mwenzake, na barabara ya vumbi asubuhi husema ukweli.

Sisi wa Maziwa Makuu tuna jina letu katika habari hizi. Gervais Hakizimana alikuwa Mnyarwanda, mkimbiaji aliyekwenda kujifua katika vilima vya Kenya. Alisimulia mwenyewe, baada ya sifa kuja, kwamba mwaka 2009 alikuwa akifanya mazoezi karibu na shamba la familia moja, na palikuwa na mvulana mchunga mifugo, peku, aliyekuwa akiwafuata wakimbiaji visiginoni, na Hakizimana akimfukuza. Mvulana huyo alikuwa na miaka tisa, akiitwa Kelvin Kiptum.

Miaka ikaenda, mvulana akakua. Korona ilipoufunga ulimwengu mwaka 2020, Hakizimana alikwama Kenya, na muda huo wa kukwama wakautumia kukimbia pamoja msituni. Baadaye wakaanza mazoezi ya marathoni. Desemba 2022, Valencia, Kiptum alikimbia marathoni yake ya kwanza kwa 2:01:53. Aprili 2023 akashinda London kwa 2:01:25. Tarehe 8 Oktoba 2023, Chicago, akavunja rekodi ya dunia kwa 2:00:35, na hakuna aliyewahi kushuka chini ya 2:01 katika mbio rasmi kabla yake. Marathoni tatu tu, kwa chini ya mwaka mmoja.

Yafuatayo ndiyo yaliyonifanya nimpende Hakizimana. Baada ya rekodi, waandishi walipomjia, angeweza kujipamba. Alieleza kwamba Kiptum anakimbia kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, pengine zaidi ya 300, na kwamba anachofanya ni kukimbia, kula na kulala. Kisha akasema hadharani kuwa ana hofu: kwa mwendo huo kijana anaweza kujivunja, akamaliza riadha yake ndani ya miaka mitano. Alikuwa amemwambia hivyo Kiptum mwenyewe. Kocha wa mtu mwenye kasi kuliko wote katika historia ya marathoni, siku ambazo simu haziishi kulia, anasimama na kusema mwanafunzi wangu anafanya kupita kiasi. Wangapi wangeitumia nafasi ile kuuza kilomita 300 kama dawa?

Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 gari lao lilipata ajali karibu na Kaptagat, wakafariki wote wawili. Kiptum alikuwa na miaka 24, Hakizimana 36. Vichwa vingi vya habari viliandika "Kiptum na kocha wake". Ninaliandika jina hapa kwa ukamilifu, Gervais Hakizimana, kwa sababu alimfukuza mtoto visiginoni mwake, kisha akaishi kuwa yeye anayekimbia visiginoni mwa mtoto huyo.

Warundi nao wana kisa, na ukikaa Dzaleka na watu wa umri wangu hakikosi kusimuliwa. Mwaka 1996 Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Atlanta. Dieudonné Kwizera, mkimbiaji mzuri wa mbio za kati, alikuwa amekosa Michezo ya 1988 na ya 1992 kwa sababu nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki. Mlango ulipofunguka hatimaye, nafasi zilikuwa zimejaa, akasafiri kama kocha. Vénuste Niyongabo, mmoja wa waliotazamiwa kung'ara mita 1500, akamwachia kocha huyo nafasi yake, akajipeleka mita 5000, umbali aliokuwa na uzoefu mdogo nao sana. Akashinda dhahabu kwa 13:07.96. Nimesikia watu wakikisimulia kisa hiki kambini kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja baraka ya nyumbani.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 katika eneo lililokuwa gereza, ikapangwa kwa watu wapatao elfu kumi na kitu, na leo wamezidi 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Sokoni kwake Kiswahili ndicho kinachopima unga. Kutoka katikati ya jiji hadi pale ni umbali unaokaribiana na marathoni, na kila ninapokwenda kwa minibasi huwa najikuta nahesabu: hapa ni kilomita 10, hapa miguu ingekuwa imeanza kulalamika, hapa ni 30, pale ambapo makocha wote husema mbio ndiyo kwanza inaanza.

Nikifika huko humkumbuka Tegla Loroupe. Wasomaji wengi wanamjua kama bingwa: mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, kisha rekodi ya dunia Rotterdam 1998, 2:20:47, na nyingine Berlin 1999, 2:20:43. Mimi humkumbuka zaidi kwa Sydney 2000. Alikwenda akitazamiwa kushinda, chakula kikamwangusha usiku wa kuamkia marathoni, akakimbia hivyo hivyo hadi mwisho na kuwa wa 13. Siku chache baadaye akaingia mita 10,000 akawa wa tano. Mtu aliyeusikia mwili wake ukimsaliti siku iliyo kubwa kuliko zote hamwangalii aliye mnyonge kwa dharau.

Mwaka 2003 alianzisha taasisi yake ya amani, na ilipoamuliwa kwamba Olimpiki ya Rio 2016 iwe na timu ya wakimbizi, yeye ndiye aliyeiongoza. Wanariadha walikuwa kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliozaliwa Sudan Kusini na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na walinolewa katika kambi yake Ngong. Rose Nathike Lokonyen alikuwa mmojawapo. Mbio zake za kwanza za kilomita 10 alikimbia peku, akawa wa pili.

Kocha anayepokea watu kama hao anaanza mbali kuliko Sang au O'Connell. Mwili umelelewa kwa mgao wa kambini. Mguu umezoea ardhi tupu, kwa hiyo kiatu cha kwanza, ambacho mfadhili anadhani ni zawadi, huleta malengelenge na maumivu ya muundi, maana kinabadilisha namna ya kukanyaga. Pana usingizi mbovu ambao hakuna saa ya mapigo ya moyo inayoweza kueleza chanzo chake. Na pana hisia ya muda iliyoharibika. Aliyengoja miaka kumi na miwili kuitwa jina lake kwenye orodha, ukimwambia angoje wiki sita ndipo akimbie kwa kasi, atakusikiaje? Nadhani hapa ndipo kocha aliyevumilia mwenyewe ana neno la kusema, kwa kuwa kungoja kwa mkimbiaji kuna kinachojengeka ndani yake kila asubuhi, tofauti na kungoja kwa foleni, na inabidi mtu aonyeshwe tofauti hiyo kwa mwili wake kabla ya kuiamini.

Rose alibeba bendera ya timu Rio na kukimbia mita 800 kwa 2:16.64. Akatolewa raundi ya kwanza, kamera zikageukia kwingine. Miaka mitano baadaye, Tokyo, alikimbia tena, na alikuwa amepunguza zaidi ya sekunde nne. Bado alitolewa raundi ya kwanza. Lakini sekunde nne za mita 800 ni kama mita 25 za ardhi. Mtu alisimama naye Ngong asubuhi baada ya asubuhi ili zipatikane mita hizo.

Nirudi kwenye ule mnyororo mkavu wa baiskeli. Malawi ni nchi ya kabaza, baiskeli za abiria, na kila siku mlangoni kwangu hupita miguu ambayo kocha yeyote wa baiskeli angeitamani: watu wanaosukuma kilo mia za mkaa au mama na mtoto na gunia la mahindi, kwa gia moja, juani. Rwanda ilipoanza kujenga timu yake ya baiskeli, baadhi ya waendeshaji wake wa kwanza walitoka katika kazi hiyo hiyo ya kubeba abiria. Adrien Niyonshuti, mtoto wa Rwamagana, alibeba bendera ya Rwanda London 2012 na kumaliza wa 39 katika mbio za baiskeli za milimani. Baadaye alifungua chuo cha baiskeli kwao Rwamagana, kuwafundisha watoto.

Nguvu ya kukanyaga watoto hao wanayo tayari. Kinachofundishwa ni ubahili. Kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzako, kwa sababu kwenye tambarare upepo ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Kubadilisha gia kabla ya mwinuko, si katikati yake. Kula kabla njaa haijaja, maana njaa ikishafika umechelewa kwa nusu saa. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na mbio za wanaume zikawa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Tadej Pogačar alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Waliobaki walimaliza akiba yao mahali fulani kati ya vilima.

Wanaofundisha triatloni wana mtihani wa ziada, kwani huunganisha kuogelea, baiskeli na mbio katika mwili mmoja, na lazima wamzoeze mtu kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo, wakati miguu imekuwa kama ya mbao. Huku kwetu bara mchezo huo bado ni wa wachache.

Wiki iliyopita nilitoka mapema. Palikuwa na ukungu, na kundi la vijana lilikuwa limeshapita, nikawa peke yangu upande wa uwanja. Kisigino kilikuwa kimya, mwili ulikuwa mwepesi, nikauachia. Baada ya muda nikasikia hatua nyuma yangu, ndogo ndogo, zinazofanana kama tasbihi. Sikugeuka. Zilinifuata mwendo wa nguzo tano au sita za umeme bila kunipita.

"Pang'ono, achimwene," sauti ikasema kwa Kichewa. Kisha, labda kwa kusikia ninavyohema, ikageuka Kiswahili. "Punguza, kaka. Mguu wa kushoto."

Nilikuwa sijasema neno, na mguu wa kushoto haukuwa unauma. Nikapunguza. Akaendelea kukaa nyuma, kilomita mbili nzima, na tulipofika kwenye kona ya mandasi ndipo ukaanza kuuma kidogo.